Mafuta Aliyoyakimbia Dada

Dada yangu alijulikana kwa mikono kabla ya kujulikana kwa uso. Uso wake ulikuwa mzuri pia, nisije nikaambiwa namsengenya, lakini mtu akimtaja Ibra, au Mudhaibi, au Jalan huko, alikuwa anaitaja mikono. "Yule mwenye mikono." Basi, inatosha, kila mtu ameshajua. Walikuwa wakija kumchukua kwa gari kila penye mwali wa watu wetu, sisi tuliotoka Unguja na Pemba tukaja tukazaa na kujukuu huku Omani, ili akampake singo.

Vijana wetu wengine singo hawaijui, wanadhani ni jina la sabuni. Ni mawaridi makavu, asumini, mrehani, liwa, karafuu chache na mchele kidogo. Vinatwangwa kinuni mpaka vinakuwa unga, unga unarojwa kwa marashi, halafu mwali anakaa mkekani amejifunga khanga, anasuguliwa mwili mzima, kutoka shingoni mpaka vidole vya miguu, siku kadhaa kabla ya harusi. Akitoka hapo ngozi inateleza. Kwetu tulikuwa tukitia na maua ya vilua. Huku vilua hakuna, kwa hivyo dada alikuwa akitumia marashi ya mawaridi yanayotoka Jabal Akhdar, juu ya Nizwa kule, akiyanunua Jumatano katika lile soko la Ibra la wanawake peke yao. Akilalamika kwamba yananuka moshi. Kweli yana moshi kidogo. Alilalamika kwa miaka mingi na aliyanunua kwa miaka mingi.

Lakini alikuwa akisema kwamba singo si unga, singo ni kiganja. Unga hata wa dukani utafaa kama kiganja ni kizima. Kiganja kikiwa kikavu kinakamata ngozi ya mwali, kinamkwaruza, na badala ya kung'ara anatoka na mabaka. Cha dada kilikuwa kama kiganja cha mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akinishika shavu, mie nilikuwa nikihisi usingizi unanichukua.

Mie nakaa Sur kwa mwanangu wa kiume, na dada anakaa Ibra kwa wake. Njia ni ndefu kiasi, unapita mchanga na mawe na ngamia wasiojali gari la mtu. Kusoma kwangu ni chuoni, Kurani, na madarasa machache ya skuli, kwa hivyo mambo ya spitali nitakayoyataja humu nayaandika nilivyoyasikia. Anayejua zaidi anisamehe.

Khabari yenyewe ilianza na kifo cha shemeji. Moyo ulimsimama asubuhi akitoka kuoga. Alikuwa mtu wa kula, Mungu amrehemu, shuwa la Idi, ile nyama ya kufukiwa shimoni, alikuwa akilila mpaka mifupa inalia, na samli akiitia hata katika uji. Wenye kuja kutoa pole kila mmoja alikuwa na maneno yake juu ya mafuta. Mafuta yanaziba mishipa. Mafuta ndiyo yanayotumaliza. Dada alikaa eda akiyasikia hayo asubuhi na jioni, na mtu aliyekaa eda hana pa kwenda, anasikia kila kitu.

Alipotoka eda, siku moja alikula sambusa akashikwa na maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia, mpaka akajikunja. Spitali wakamwambia ana vijiwe katika nyongo, apunguze mafuta.

Sasa lazima umjue dada. Akiambiwa chumba kina vumbi anatoa mpaka vitanda. Tokea alipokuwa mdogo yuko hivyo. Marehemu mama alikuwa akimtuma akune nazi ya kutia katika mchuzi, anakuna ya kutosha msiba. Alipoambiwa apunguze, alikwenda nyumbani akatoa mafuta yote jikoni, ya kupikia, samli, siagi, lozi, jozi na kokwa zote, simsim, yaani ufuta, akampa mkwewe, mke wa mwanawe, apeleke kwa jirani. Mayai akaacha. Samaki akaacha, kwa sababu samaki naye ana mafuta. Tui ndiyo usiseme. Akabaki na wali wa kuchemsha, mkate mkavu na asali, matango, tende, na chai ya rangi.

"Sasa unaishi kwa kitu gani?" nilimuuliza.

"Naishi kwa uwezo wa Mola," akanijibu. "Na wewe ungekula kidogo ungeingia mlangoni bila ya kujipinda."

Maneno yake hayo, na mie nilicheka, kwa sababu ni kweli. Na akapungua! Akawa mwembamba, kiuno kikarudi, abaya zote zikawa zinamvuka. Watu walimsifu. Mie pia nilimsifu. Nilikaa naye pale barazani nikimwambia, "Dada, umekuwa msichana," na moyoni nina wivu. Leo nikikumbuka natamani mmoja wetu angekuwa na akili ya kumuuliza kile kiuno amekinunua kwa bei gani. Hakuna aliyeuliza. Kwetu sisi mwanamke aliyepungua anaulizwa alifanyaje, basi.

Hali hiyo iliendelea mwaka na zaidi.

Ilianzia miguuni, katika miundi. Ngozi ikawa na magamba madogo, unaweza kusema ya samaki, na yeye samaki hamtaki hata kumuona. Akiinuka kuswali, mswala una unga mweupe. Akivua soksi, unga. Halafu nywele zikawa nyepesi. Halafu ikaja mikononi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Viganja vilikauka, vikapasuka katika mikunjo ya vidole, vikipona upande huu vinapasuka upande wa pili. Kidonda kidogo cha kisu hakifungi. Akitia udhu anauma meno. Nilimuona kwa macho yangu akitazama maji ya bomba kabla ya kutia mkono, kama mtu anayetazama moto.

Dawa tulizomtia! Mafuta ya nazi kwanza, tena ya nazi khasa, ndugu mmoja alituletea chupa kutoka Unguja. Akijipaka asubuhi, akijipaka mchana, akilala amevaa soksi mikononi. Asali. Mafuta ya mgando. Mkwewe, ambaye ni mtoto wa Ibra kwenyewe, Muarabu wa moja kwa moja, lakini Kiswahili chake sasa ni kizuri kuliko cha wajukuu zetu, alimletea majani ya mkunazi ya kuogea. Jirani akasema ni jicho. Mikono ile imetajwa sana, akasema, hamuoni? Basi akaja mtu akasoma, akatemea maji, dada akaogea, na ngozi ikabaki vile vile. Mimi sisemi kwamba jicho hakuna. Nasema tu kwamba lile halikuwa jicho.

Wakati huo ndipo Mudhaibi walipopiga simu. Walikuwa na mwali, na walikuwa wamekwisha kuzungumza na dada kabla. Mama wa mwali alizungumza vizuri sana, kwa adabu nyingi mno. "Bi mkubwa, hatutaki kukusumbua na njia na joto hili. Tumempata mwengine karibu." Dada akasema, "Mmefanya vyema mwanangu, Mungu awape kheri." Akaiweka simu juu ya meza. Halafu akaniambia, maana nilikuwepo, "Watu wa Mudhaibi lini waliogopa joto?"

Hapa nitoke kidogo nizungumze habari ya dagaa, nisipoizungumza hamtamfahamu dada.

Tulipokuja nchi hii tulikuja na midomo yetu ya kule. Tulikuwa tunapenda dagaa. Huku pwani, Sur na Ras al Hadd na mbele yake, dagaa ni wengi, wanaanikwa mchangani, na watu wa pwani wengine wanakula. Lakini huku ndani, Ibra, magunia yale yakija yanapewa ng'ombe na ngamia. Dada hakujua. Siku za mwanzo mwanzo alinunua soko la mifugo, akafurahi kwa rahisi yake, akakaanga uani na vitunguu na ndimu, harufu ikavuka ukuta. Jirani akaja. Mwanamke mwema kabisa, alikuja kwa wema. Akachungulia chunguni akauliza:

"Ng'ombe wenu yuko wapi?"

Dada akasema hatuna ng'ombe.

"Basi hao mnampikia nani?"

Lo! Kisa hicho kilizunguka mtaa mzima. Wanawake walikisimulia kwenye harusi, kwenye akika za watoto, mbele ya dada mwenyewe, wakimshika bega na kucheka mpaka machozi. Kwao ilikuwa mapenzi. Lakini sisi miaka ile tulikuwa bado tukiulizwa, kwa upole na bila ya upole, kama sisi ni Waarabu kweli, mbona tunasema hivi, mbona tunavaa hivi. Dada akacheka nao, na tokea siku ile dagaa hawakuingia tena nyumbani mwake. Nilikuwa nikija na kikapu kutoka Sur, nimewachambua, wasafi, ananiambia, "Umemletea nani hao? Ng'ombe yuko upande wa pili wa ukuta." Na kweli anampelekea ng'ombe wa jirani. Na yule ng'ombe, wallahi, aking'ara kama amepigwa rangi ya viatu. Sote tulimuona aking'ara na hakuna aliyefikiri kitu.

Basi. Mjukuu wa dada, mtoto wa huyo mwanawe anayekaa naye, akaposwa na watu wa Nizwa.

Mjukuu huyu ndiye alikuwa roho ya dada. Alipozaliwa tu, bado hajakatwa kitovu vizuri, dada alimgeuza, akamtazama mgongo, akasema, "Mgongo huu nitaupaka mwenyewe, inshaallah." Kila mwali aliyempaka alikuwa akirudi nyumbani akimwambia mtoto yule, "Zamu yako inakuja." Mtoto akawa mkubwa, akasoma, akafanya kazi, watu wakaanza kusema amechelewa, dada akisema hachelewi mtu, mie mikono yangu ipo. Sasa zamu imefika na mikono haipo. Harusi imewekwa baada ya Idi, si mbali.

Mjukuu ndiye aliyetubeba. Alikuja na gari asubuhi akasema, "Bibi, vaa, tunakwenda kwa daktora." Dada akasema ameshakwenda kwa madaktari wa kutosha. "Umekwenda kwa nyongo na presha," mtoto akasema. "Kwa ngozi hujakwenda hata siku moja. Bibi mdogo, mwambie." Bibi mdogo ni mie. Nikamwambia.

Daktari alikuwa msichana wa kwetu, wazee wake ni watu wa Pemba, yeye amezaliwa huku. Kiswahili chake kilikuwa cha kukusanya kusanya, lakini aliinuka, akampa shikamoo kila mmoja wetu peke yake, na moyo wangu ukamkubali hapo hapo. Akaishika mikono ya dada, akaigeuza chini juu. Akatazama miguu, akatazama kichwa. Akamtoa damu ya kupima sukari, na ya tezi, na ya nini sijui, akatwambia turudi. Tuliporudi akasema sukari hamna, tezi nzima. Akaweka karatasi pembeni.

"Bibi, unakula nini? Niambie jana. Kuanzia asubuhi."

Dada akamwambia. Wali, mkate, asali, tende, matango, chai.

"Na juzi?"

"Hivyo hivyo."

"Samaki?"

"Ana mafuta."

"Jozi? Simsim? Yai?"

"Mwanangu, daktari mwenzio aliniambia nipunguze mafuta, nina vijiwe."

"Umepunguza mpaka wapi?"

"Mpaka yamekwisha," dada akasema, na alisema kwa fakhari, nyinyi mngemuona. Alikuwa akingojea kusifiwa.

Yule msichana hakucheka. Akavuta kiti karibu. Akasema, na mie nayaweka maneno yake kama alivyosema, "Bibi, mwili yako inajua kutengeneza mafuta mingi peke yake. Ukila wali, inatengeneza. Lakini kuna mafuta mbili haijui. Hizo mbili lazima ule, hakuna njia ingine. Moja inaitwa omega tatu, moja omega sita."

"Kama namba za mabasi," dada akasema.

"Sawa, mabasi. Sasa mabasi hajapita kwako mwaka na zaidi. Ngozi hii ya juu ni kama ukuta. Matofali iko. Lakini kati ya tofali na tofali lazima iko saruji, na ile mafuta ndiyo inafanya saruji. Kwako saruji imekwisha. Maji ya ndani inatoka, sabuni inaingia, vumbi inaingia, kidonda haifungi."

"Lakini najipaka mafuta mchana kutwa!"

"Mafuta gani?"

"Ya nazi. Ya Unguja."

"Nazi nzuri, inalainisha juu. Lakini zile mbili ninazotaka mimi, ndani ya nazi iko kidogo sana. Ukipaka, paka mafuta ya simsim, bora. Lakini kupaka peke yake haitoshi, Bibi. Kula."

Akasema ni nadra kumuona mtu amefika hapo, kwa sababu mtu hata akila ovyo ovyo anayapata kidogo kidogo. Mtu kuyakosa kabisa inataka juhudi. Juhudi dada anayo.

Akamwambia aanze kidogo kidogo kwa ajili ya ile nyongo. Kijiko cha mafuta ya simsim juu ya wali, jozi mbili tatu, na samaki wa mafuta, vibua, jodari. "Na hawa wadogo, dagaa. Dagaa ndiyo nzuri zaidi."

Mjukuu akaziba mdomo kwa mtandio. Kisa cha ng'ombe anakijua, nani hakijui. Mie nikatazama dirisha.

"Nitapona kabla ya harusi?" Dada hakumuuliza daktari kitu chengine chochote. Hilo tu.

Yule daktari akamtazama dada, akamtazama bibi harusi, akafahamu. "Ngozi mpya inatoka chini, inakuja juu polepole," akasema. "Nusu yake labda. Zaidi ni miezi, Bibi. Nisikudanganye."

Kwenye gari, tunakaribia nyumbani, dada akasema, "Mtoto mzuri, lakini hajui kusema 'mengi'."

Basi dada akala. Na kwa kuwa ni yeye, hakuanza na kijiko. Alisema kama mwili una kiu ya mwaka mzima basi upewe ya mwaka mzima. Asubuhi alipiga kikombe cha mafuta ya simsim, akashindilia na jozi, na mchana nyongo ikamwangusha. Tulimkuta amejikunja kitandani, uso wa kijivu, akituapia kwamba hajafanya kitu. Kikombe kipo hapo hapo pembeni, kinateleza. Siku kadhaa zikapita hawezi kula ila maji ya wali, na siku za kabla ya harusi ndizo zilizokuwa chache. Mwanawe akamgombeza, mie nikamgombeza, mkwewe hakumgombeza, alikaa akamkanda miguu.

Alipoinuka akafuata kijiko. Nilimpikia dagaa kwa mkono wangu, wa kuchemsha kwanza, na ndimu na pilipili kidogo. Harufu ikavuka ukuta. Jirani, yule yule, sasa kizee mwenzetu mwenye mkongojo, akaja mpaka mlango wa jikoni akavuta pua.

"Mmenunua ng'ombe?"

"Ndiyo," dada akasema, sahani iko mapajani. "Ni mie."

Yule bibi akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akakaa kitako akala naye. Akala vizuri tu! Akasema si wabaya, wanataka limau kavu. Miaka yote ile. Nawaza kama angekaa kitako akala siku ile ya kwanza, au dada angemwambia kaa ule, ingekuwaje. Lakini walikuwa wasichana, kila mmoja na heshima yake ya kuilinda.

Harusi ikafika. Miguu ilikuwa imeanza kusafika, magamba yamepungua, na vile vidonda vya mikunjo vimefunga. Lakini viganja bado. Ukivigusa ni kama ubavu wa kibiriti.

Siku ya singo dada alitwanga mwenyewe. Alifunga mikono kwa vitambaa, akakataa kusaidiwa mchi. Chumba kilijaa harufu, wasichana wanaimba, mwali ameketi mkekani na khanga yake, mgongo uko wazi. Dada akajitegemeza, akakaa nyuma yake, akafungua vitambaa. Akapaka mafuta ya simsim kiganjani, akachota singo, akasema bismillahi, akamwekea mkono begani na kuuteremsha.

Mtoto akashituka. Kidogo tu. Bega lilipanda likashuka.

"Nimekuumiza?"

"Hata, Bibi. Baridi tu. Endelea."

Dada akapitisha tena, taratibu mno, na mie niliyekaa upande niliona ile ngozi ya mtoto inabaki na michirizi myekundu kila mkono unapopita. Mtoto ameuma mdomo, anatazama mbele. Wale wasichana wanaimba, hawajaona kitu. Dada ameona. Akauinua mkono. Halafu akaufuta kwa khanga, kidole kimoja kimoja.

"Njoo wewe," akaniambia.

"Mie sijui, dada."

"Umenitazama tokea tuko wasichana, hujui nini? Njoo."

"Bibi, miye nataka wewe," mwali akasema bila ya kugeuka. "Wacha iniume."

"Mwali hapelekwi kwa mumewe na mikwaruzo. Watu wa Nizwa watasema tumemlea na paka." Wasichana wakacheka, na yeye akacheka nao, na akanisogezea bakuli.

Nikapaka mie. Mikono yangu ni ya kawaida, ya mpishi, lakini ilikuwa laini kwa sababu tu sijawahi kujinyima kitu. Dada alikaa juu ya kiti akinielekeza. "Zungusha. Usisugue kama unaparuza samaki. Nyuma ya sikio, nyuma ya sikio umepasahau. Uzito utoke begani, siyo kwenye vidole." Na mie nazungusha, na kila nikizungusha nahisi ninamwibia kitu chake mbele ya macho yake, na yeye ndiye anayenielekeza namna ya kukiiba. Mwali alitoka vizuri. Watu walisifu. Walimsifu dada, kwa sababu wengi hawakuwamo chumbani, na yeye kila aliyemsifu alimwambia, "Mdogo wangu ndiye." Hakumwacha hata mmoja bila ya kumrekebisha. Ningependa angewaacha.

Ngozi yake ilirudi. Daktari hakutudanganya, ilichukua miezi, lakini ilirudi, kwanza nyuma ya mikono, kisha viganja, na mpaka tende mpya zinaingia sokoni alikuwa akinishika shavu na mie naanza kusinzia tena. Watu hawakumwita. Mudhaibi wamezoea yule mwengine, na walio wengi sasa wanampeleka mwali saluni Maskati, anapakwa na msichana mwenye glavu. Dada hakusema kitu juu ya hilo. Tende anakula, dagaa anakula, simsim kijiko chake.

Ijumaa moja mjukuu alikuja kutoka Nizwa na mumewe. Mume akenda na wanaume msikitini, na yeye akaingia ndani, akatandika mkeka, akavua abaya, akakaa akampa bibi yake mgongo. Alikuwa amekuja na chupa ya marashi na pakiti ya singo.

"Haya Bibi. Nipake sasa. Deni lako."

Dada alikuwa akimenya ndimu. "Singo ya mwali anapakwa mwali," akasema.

"Bibi, watu wanapaka hata wakiwa na watoto. Shangazi anapaka kila Idi."

"Apake. Hiyo yake ni ya kunukia. Mie nilikuwa na yako ya harusi, na harusi imepita, imepita vizuri, alhamdulillahi. Vaa, utapata baridi ya hii ekondishan."

Mtoto alicheka, akafikiri ni mzaha. Akangoja na mgongo wake. Alipoona ndimu zinaendelea kumenywa akageuka, akamtazama bibi yake, halafu akanitazama mie. Akavaa. Wakazungumza mambo ya Nizwa, ya mama mkwe, ya nyumba mpya ambayo maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, yanapita nyuma yake.

Baada ya chakula mume akapiga honi. Mtoto akakusanya vitu vyake mbio mbio, akasahau simu, akarudi, akainama kwa bibi yake kuaga. Dada akampa mkono, ule ule, laini, na mtoto akaubusu upesi kama tunavyobusu mikono ya wazee, akatoka. Sijui kama aliuhisi.